UZI: Tumepima chaja na waya za simu hapa Mtwara. Kichwa cha chaja kinalaumiwa, kumbe mwizi ni waya

FundiChikongola (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Wanaonifahamu wanajua nina meza ya ufundi simu huku Chikongola. Haipiti wiki bila mtu kuja amenuna: "Fundi, betri imekufa, nachaji usiku kucha haijai." Nakagua, betri nzima. Mwingine anakuja na chaja imeandikwa wati 33, anaapa kauziwa feki na anataka nimpe jina la muuzaji mwaminifu. Nachomeka waya wangu kwenye kichwa kilekile, simu inapanda vizuri tu. Kubishana kwa mdomo kumenichosha, nikanunua kipima USB, kile kidude chenye kioo kidogo kinachokaa katikati ya chaja na simu na kuonyesha volti na ampea. Changu kina mdomo wa USB ya kawaida na wa taipu C, kwa hiyo naweza kupima upande wa chaja na upande wa simu.

Nianze na jibu ili wavivu wa kusoma muondoke mapema: simu ikichaji kwa kusuasua, shuku waya kwanza. Halafu angalia kama chaja na simu zinaelewana lugha. Halafu joto. Kichwa cha chaja kinakuja baada ya hapo, na betri ndiyo ya mwisho kabisa, ingawa ndiyo watu wanaikimbilia kununua.

Sasa wenye subira tuendelee.

Kitu cha kwanza, volti mara ampea ndiyo wati, na wati ndizo zinazojaza betri. Kipima kikionyesha ampea 2 kwenye volti 5, hizo ni wati 10. Kikionyesha ampea 1.7 kwenye volti 9, hizo ni wati 15 na ushee. Mtu anaangalia ampea peke yake, anasema ile ya kwanza ndiyo kali. Huyo anaenda kununua chaja dhaifu kwa furaha.

Kitu cha pili, usipime simu ikiwa na asilimia 90. Betri hizi za lithiamu hupokea umeme mwingi zikiwa chini, na zikikaribia kujaa simu yenyewe inapunguza makusudi ili isiiumize betri. Ukipima kwenye 90, chaja ya wati 33 na ya wati 10 zitaonekana mapacha. Mimi napima kati ya 20 na 50, data imezimwa, skrini imezimwa, kava limevuliwa.

Nikachukua kichwa kimoja kizuri cha volti 5 ampea 2, na simu moja yenye betri ya 5000 (mAh, yaani milliampea-saa), nikawa nabadilisha waya tu. Waya uliokuja na simu: ampea 1.9 hivi. Waya mnene wa mita moja wa dukani: hiyohiyo. Waya mwembamba wa mita mbili, zile za rangirangi zinazopangwa juu ya turubai: ampea 0.8, tena ikicheza. Kichwa kilekile, simu ileile, umeme uleule wa ukutani. Zaidi ya nusu imepotelea njiani.

Haina uchawi. Ndani ya waya kuna nyuzi za shaba, na unene wake mara nyingi umeandikwa kwa herufi ndogo kwenye ganda: 28AWG, 24AWG, 20AWG. Namba ikiwa ndogo, uzi ni mnene. Uzi wa 28 una ukinzani (ule ugumu wa umeme kupita, unapimwa kwa omu) wa kama omu 0.21 kwa mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita moja unahesabu mita mbili: omu 0.42. Waya wa mita mbili: omu 0.85. Ukilazimisha ampea 2 zipite hapo, volti 1.7 zinaliwa na waya wenyewe. Chaja imetoa 5, simu inafikiwa na 3.3. Haiwezi kuchaji kwa hizo. Simu ikiona volti zinazama inapunguza ulaji mpaka zirudi kwenye 4.3 hivi, na hapo ndipo ile 0.8 inapotoka. Waya wa 24 wa mita moja ungekula volti 0.34 tu, na simu isingehisi kitu.

Kuna waya zilizoandikwa 28AWG/1P na 24AWG/2C pamoja. Ile 28 ni ya nyuzi za data, 24 ndiyo ya umeme. Hiyo nzuri, nunua. (Kama maandishi yenyewe ni ya kweli. Ndiyo maana nina kipima.)

Kwa lugha ya saa ya ukutani: kupandisha betri ya 5000 kutoka 20 mpaka 50 ukiwa na wati 10 kamili ni kama dakika 40. Ukiwa na wati 4 za waya mbovu unapita saa moja na nusu. Ukiwa na wati 18 ni dakika 23 au 25.

Karibuni kwa maswali, na mwenye vipimo vyake aviweke.

BodaMasasi (#2)

Nimeweka kambi. Boda yangu ina tundu la USB kwenye usukani, limeandikwa 3.1A, lakini simu ikiwasha ramani chaji inashuka huku imechomekwa. Nitakuja na swali nikishusha abiria.

Mtoto_wa_Shangani (#3)

Mkuu hicho kidude cha nini? Mimi nina programu ya Ampere kwenye simu, inaniambia kila kitu bure. Kwangu inasoma milliampea 2100, yaani ampea 2.1, kwa chaja ya ampea 2. Sasa niambie ampea 2 imezaaje 2.1? Au chaja yangu ina baraka?

FundiChikongola (#4)

Haina baraka mwanangu. Programu inasoma kinachoingia kwenye betri, kipima kinasoma kinachotoka kwenye chaja. Betri iko kwenye volti 3.9 hivi, chaja iko kwenye 5. Simu inazishusha volti, na zikishuka ampea zinaongezeka. Wati 9.5 zikiingia na nyingine zikapotea kwa joto, kwenye betri zinakuwa milliampea 2000 na ushee. Kwa chaja ya volti 9 utashangaa zaidi: kipima 1.9, programu karibu 4000.

Programu si mbaya, na kwa asiye na kipima inatosha kulinganisha waya na waya kwenye simu MOJA. Ila jihadhari: inaonyesha kilichobaki baada ya simu kula. Ukiwa umewasha skrini hadi mwisho na video inacheza, itasoma kidogo halafu utamlaumu muuzaji wa watu. Na simu nyingine za chaji kali zina betri mbili ndani, programu inasoma moja, unapata nusu ya ukweli. Usilinganishe namba ya simu yako na ya jirani.

Chilungula_Newala (#5)

Kwa hiyo hizi waya za turubai ni kangomba ya umeme, kama vile vipimo vya ujanja vya kununulia korosho. Unaambiwa kilo, kumbe siyo kilo.

Mtoto_wa_Shangani (#6)

😂😂 Chilungula umemaliza.

DadaWakala_Lindi (#7)

Kaka fundi pole na kazi. Mimi ni wakala huku Lindi mjini, nina simu tatu za miamala na moja yangu. Nilinunua chaja ya matundu manne ili nipunguze msongamano wa waya kibandani. Ikichomekwa simu moja inaandika inachaji haraka. Zikiwa zote nne, hakuna inayoandika haraka, na jioni zote ziko asilimia 30. Msimu wa korosho wakulima wakilipwa foleni inafika barabarani, simu zikizima nimekwisha. Nibadilishe betri?

FundiChikongola (#8)

Dada, shika hela yako, betri usiguse. Soma nyuma ya kichwa. Kutakuwa na neno linalomaanisha jumla ya wati, mfano 20 au 30. Hiyo ni ya matundu yote kwa pamoja. Vichwa vingi vya aina hiyo vikiona simu ya pili imechomekwa vinarudisha kila mtu kwenye volti 5 na kugawana kilichopo. Wati 20 kwa simu nne ni wati 5 kila moja, na simu ya wakala skrini haizimiki kutwa, sehemu kubwa inaliwa hapohapo.

Ningekuwa wewe ningetumia vichwa viwili vya kawaida vya ampea 2 kwa simu zenye kazi nyingi, hicho cha matundu manne kibaki na mbili nyepesi. Na waya ziwe za mita moja, usitandaze za mita mbili kibanda kizima.

Mzee_wa_Mikindani (#9)

Wanangu, nimesoma yote. Nina maswali mawili. La kwanza, jioni umeme huku ukishuka taa zinafifia. Je, na chaja inafifia? La pili, simu yangu ya tochi ya zamani ilikuwa inajaa upesi kwa chaja ndogo ya nusu ampea. Hii kubwa aliyoniletea mjukuu ina chaja kubwa na bado inachelewa. Maendeleo gani haya?

FundiChikongola (#10)

Shikamoo mzee.

La kwanza: chaja za siku hizi nyuma zimeandikwa 100-240V. Umeme wetu ni wa volti 230. Hata ukishuka mpaka 180, chaja nzima inatoa volti 5 zake bila wasiwasi. Taa inafifia, chaja haifahamu. Ukiona jioni simu inachaji taratibu, tazama kama ndiyo saa wajukuu wanaangalia video ikiwa imechomekwa.

La pili: ile ya tochi ilikuwa na betri ya 1000 hivi, hii ina 5000. Umebadilisha kikombe kwa ndoo mzee, bomba linabidi liwe kubwa zaidi ya lile ili muda ulingane. Ile chaja ya nusu ampea ni wati 2.5. Ukiiweka kwenye hii simu mpya utakesha nayo.

Mzee_wa_Mikindani (#11)

Marahaba. Nimeelewa. Kumbe mjukuu sikumtendea haki.

Fundi_Ndanda (#12)

Fundi mwenzangu, uzi mzuri, niongeze la kwenye tundu. Huko pwani hewa ina chumvi, na huku bara ni vumbi. Nusu ya simu ninazopokea zikilalamika kuchaji polepole, nikimulika tundu naona pamba ya mfukoni imeshindiliwa, au vipini vina ukijani. Mguso mbovu ni ukinzani uleule uliousema, tofauti ni kwamba uko kwenye milimita mbili, kwa hiyo joto lote linakusanyika hapo. Ukiona kichwa cha waya kinaunguza vidole upande wa simu, ni tundu, siyo chaja. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mti, taratibu. Msitumie pini wala sindano, vile vipini vya katikati vya taipu C vikipinda mtanitafuta mimi, na kubadilisha sistimu ya chaji si bei ya kijiti.

Pia sipimi kwa simu siku hizi. Simu ina mambo yake: imepata joto, imejaa, inasasisha programu. Nina rezista (kile kijisehemu cha kubana umeme) ya omu 5 ya wati 10, nimeiunga kwenye mdomo wa USB. Ukiichomeka kwenye volti 5 inavuta ampea 1 daima. Nasoma volti mwanzoni mwa waya na mwishoni mwa waya. Tofauti ikiwa volti 0.2, waya una omu 0.2, safi. Ikiwa 0.6, natupa. Tahadhari: rezista inachemka, iweke juu ya kigae, siyo juu ya kitambaa.

FundiChikongola (#13)

Hii ya rezista naiba. Ahsante kaka.

Kinara255 (#14)

Wakuu, mimi waya wangu ni mzima (umepimwa), chaja ni orijino ya wati 33 ya simu ya kaka yangu. Kwake inajaza kwa kasi ya ajabu. Kwangu inasoma volti 5 ampea 2 basi. Simu yangu boksi limeandika wati 18. Nilitegemea nipate angalau hizo 18. Nini tena?

FundiChikongola (#15)

Hili ndilo la lugha, nililipitia juujuu mwanzoni kwa sababu ni refu.

Kila chaja inaanza na volti 5, kwa sababu hiyo ndiyo salama kwa kila simu. Ili ipande, simu na chaja lazima zizungumze, na watengenezaji walitengeneza lugha zaidi ya moja. Quick Charge ya Qualcomm inaongea kupitia nyuzi za data, na toleo lake la pili linapanda mpaka 9 na 12. USB PD (Power Delivery) inaongea kwenye kipini chake ndani ya taipu C, na ngazi zake ni 5, 9, 15 na 20. OPPO kwa VOOC yao, tangu 2014, walikwenda upande mwingine: volti zilibaki kwenye 5 na ampea zikapandishwa kupita 4, ndiyo maana ilidai waya wake maalumu. Halafu kampuni nyingine nazo zikaongeza zao.

Chaja ya kaka yako inaongea lugha ya simu ya kaka yako. Yako ikiongea PD tu na ile haijui PD, hakuna ugomvi, wanakubaliana kwenye volti 5. Hakuna kitakachoungua, na hiyo hofu ya "chaja kubwa inaua simu" iacheni, simu ndiyo inayoamua ivute kiasi gani.

Soma maandishi madogo mgongoni mwa kichwa. Utaona mistari kama 5V 3A, 9V 2A, 11V 3A. Kisha tafuta kama kuna herufi PD au PPS. PPS ni PD inayopanda kwa hatua ndogo sana, volti 0.02 kila hatua, na Samsung wanaitegemea kwenye chaji yao ya wati 25 na 45. Kwa 45 unahitaji pia waya wa ampea 5 wenye chipu ndani. Waya wa C kwenda C usio na chipu mwisho wake ni ampea 3.

Na kuna mtego mwingine: waya wa nyuzi mbili. Waya za bei ya chini sana zimetolewa nyuzi za data kabisa. Simu inauliza "wewe ni chaja au kompyuta?", haijibiwi, nyingi zinajibana kwenye nusu ampea. Kipimo chake hakihitaji kifaa: chomeka kwenye kompyuta. Simu ikichaji bila kompyuta kuuliza habari ya mafaili, huo ni wa nyuzi mbili, fungia nao mzigo.

Kinara255 (#16)

Nimetazama, hakuna PD popote. Basi namrudishia kaka chaja yake kabla hajaikumbuka.

Nachi_Sola (#17)

Huku kijijini Nachingwea natumia sola ndogo, paneli imeandikwa wati 10, ina tundu la USB. Asubuhi inachaji vizuri, wingu likipita inakwama, na jua likirudi haipandi tena mpaka nichomoe na kuchomeka. Paneli mbovu?

FundiChikongola (#18)

Paneli nzima. Baadhi ya simu zikiona volti zimezama zinajishusha na kubaki hukohuko, hazijaribu tena mpaka uchomoe. Dawa ni kuchaji pawabenki mchana, simu uichaji kwa pawabenki jioni. Na zile wati 10 zimepimwa kiwandani kwa jua kamili na paneli ikiwa na nyuzijoto 25. Paneli iliyo juu ya bati la Nachingwea saa saba mchana haina nyuzijoto 25. Hesabia chini ya hapo.

Na simu isilale juani pamoja na paneli! Betri ikifika nyuzijoto 45 hivi simu nyingi zinapunguza chaji au zinaikata. Weka paneli juani, simu kivulini, waya mfupi mnene katikati.

BodaMasasi (#19)

Nimerudi. Fundi, lile langu la 3.1A?

FundiChikongola (#20)

Mara nyingi hiyo ni jumla ya matundu mawili, moja 2.1 na jingine 1. Tazama kama umechomeka kwenye lile la 1. Ampea 1 ni wati 5, na simu yenye ramani, data na skrini kali ya mchana inaweza kuzila zote. Hapo ongeza jua la barabara ya Masasi kwenye usukani, simu imepata homa na yenyewe inakataa chaji. Hamia tundu la 2.1, waya wa nusu mita, na ukipata kivuli cha simu weka.

Chilungula_Newala (#21)

Swali la uoga. Waya mbovu unaweza kuua kabisa kifaa, au unachelewesha tu?

Fundi_Ndanda (#22)

Mwembamba unachelewesha na kuchemka. Uliofungwa vibaya unaua. Kuna mhandisi wa Google, Benson Leung, alianza kupima waya za taipu C zilizokuwa zikiuzwa mtandaoni mwishoni mwa 2015. Februari 2016 akakutana na mmoja uliogeuzwa nyuzi, chanya na hasi zimebadilishana, ukaua kompyuta yake ya Chromebook Pixel pamoja na vifaa vya kupimia. Nyingine nyingi alizokuta zilikuwa na rezista isiyo sahihi ndani: badala ya kilo-omu 56 wameweka 10, simu inadanganywa kwamba chaja ina ampea 3 wakati ina 1 au 2, inavuta kupita uwezo. Kichwa kizuri kitajizima, kibovu kitaungua.

Kwa hiyo waya mpya wa bei ya kutupa, uchomeke kwanza na kipima na chaja ya zamani, simu ya kazi baadaye.

DadaWakala_Lindi (#23)

Kaka fundi nimefanya ulivyosema, vichwa viwili na waya fupi. Jana jioni simu za miamala zilikuwa juu ya 70 nikifunga kibanda. Ubarikiwe.

Ila nimepata lingine: nina tochi ya kuchaji yenye tundu la taipu C. Kwa chaja mpya, ile ya C pande zote mbili, haiwaki hata taa. Kwa chaja ya zamani inachaji. Chaja mpya mbovu?

FundiChikongola (#24)

Nzima dada. Chaja ya C kwa C haitoi umeme mpaka ihisi rezista ndogo upande wa pili inayosema "niko hapa, nahitaji chaji". Watengenezaji wa tochi na spika za bei nafuu huwa wanaziacha hizo rezista kubana gharama. Chaja inasubiri, tochi inasubiri. Chaja yenye mdomo wa USB ya kawaida inatoa volti 5 muda wote bila kuuliza. Tumia waya wa USB ya kawaida kwenda C kwa tochi, hiyo mpya iache kwa simu.

Mtoto_wa_Shangani (#25)

Fundi, kesho naleta waya zote za nyumbani uzipime. Bei gani?

FundiChikongola (#26)

Kupima bure, njoo kabla ya saa nne foleni haijawa kubwa. Uje na vichwa vyake pia, na simu iwe imeshuka chini ya 50, usiniletee imejaa.